Nani Amesisimka?

Chukua riwaya yoyote ya Kiswahili iliyo karibu nawe, uigeuze, usome jalada la nyuma. Huenda ukakutana na neno "kusisimua" kabla hujamaliza sentensi ya pili. Kama halipo, utawapata ndugu zake: kuvutia, kuhuzunisha, kufurahisha, kushangaza. Riwaya ya kusisimua. Hadithi ya kuhuzunisha. Ukitoka hapo ukasoma uhakiki wa kitabu hicho hicho gazetini, maneno ni yale yale, ila sasa yameongezewa "mno" na "ajabu." Mimi nina swali moja tu, na najua linaweza kuonekana la kichokozi: nani amesisimka? Ni mhakiki? Ni mchapishaji? Au kitabu kimekaa tu pale kikisisimua, kama redio iliyoachwa ikiimba katika nyumba isiyo na watu?

Swali hili lina uzito zaidi katika Kiswahili kuliko katika Kiingereza, na sababu yake ni ya kisarufi kabisa. Hebu tuanzie huko kwa Kiingereza, maana wengi wetu tunaandika Kiswahili huku sikio moja likisikiliza kule.

Kiingereza kina ujanja ambao kila aliyepitia shule ya Kenya amefundishwa, au amechorewa mstari mwekundu kwa ajili yake. Kinachukua kitenzi cha hisia, tuseme "bore," kisha kinakitolea vivumishi viwili. Kikipewa mkia wa -ing kinaeleza kile kinacholeta hisia. Kikipewa -ed kinamweleza yule aliyefikiwa nayo. Somo ni "boring," mwanafunzi ni "bored." Filamu ni "exciting," watazamaji ni "excited." Mwanafunzi akivibadilisha nafasi, anajikuta amesimama mbele ya darasa akitangaza kwamba yeye mwenyewe ndiye mtu wa kuchosha watu, na wenzake hawamwachii mpaka muhula uishe.

Shuleni kanuni hufupishwa hivi: mtu hupewa -ed, kitu hupewa -ing. Ni kanuni ya kupitia mtihani, haiendi mbali. Mtu anaweza kuwa "boring" pia, na sote tumewahi kukaa karibu naye kwenye basi la safari ndefu. Tena yule wanayemwita "a feared man" hana hofu yoyote. Wenye hofu ni majirani zake. Ni kwa sababu kitenzi "fear" humweka anayehisi katika nafasi ya mtenda, wakati "frighten" hukiweka pale kile kinachotisha. Mkia wa -ed haujui habari za moyo. Unachojua ni nani alitenda na nani alitendwa, basi. Na mfumo wenyewe una mashimo. Kinachotisha hakiitwi "scaring," kinaitwa "scary." Kinachovutia kwa ubora wake hakiitwi "impressing," kinaitwa "impressive." Ukirudi nyuma karne kadhaa, utakuta kitenzi "like" kilikuwa na maana ya kupendeza: kitu ndicho kilichotenda, mtu akatendwa. Baadaye kikageuka, na leo mtu ndiye anayependa. Yaani hata Waingereza walihangaika kuamua hisia ni mali ya nani.

Pamoja na hayo yote, vivumishi hivi vina raha moja kubwa kwa mwandishi mvivu. Ukishasema "a boring book," umemaliza. Huhitaji mtu aliyechoshwa. Kuchosha kumegeuzwa sifa ya kitabu, sawa na rangi ya jalada au idadi ya kurasa.

Sasa njoo kwetu. Kiswahili kina vivumishi halisi vichache, na vya hisia ndivyo adimu zaidi. Kazi hiyo tumevipa vitenzi. Tuchukue huzuni na riwaya moja, tuone kuna milango mingapi ya kupitia.

"Riwaya imenihuzunisha." Hapa wote wamo ndani ya neno moja: kilicholeta huzuni, aliyepatwa nayo, ambaye ni hiyo -ni- ya katikati, na tendo lenyewe. "Nimehuzunishwa na riwaya." Wote bado wapo, ila mimi nimetangulia. "Nimehuzunika." Nimebaki peke yangu na hali yangu, sababu unaweza kuniuliza, au uniache. "Riwaya ya kuhuzunisha." Hapa mtu ametoka. Kimebaki kitu na uwezo wake.

Na bado hatujataja mlango wa tano, ambao kwetu ni mazungumzo ya kila siku: ule ambapo hisia yenyewe ndiyo inayotenda. Hofu imenishika. Hasira zimempanda. Huzuni imewajaa. Nimeingiwa na wasiwasi. Hapo si mimi niliyeanza wala si kitabu; hisia imekuja yenyewe kama mgeni asiyebisha hodi.

Sisemi "ya kuhuzunisha" ni Kiswahili kibovu, wala sisemi ni tafsiri. Ni letu na lina kazi yake. Ninacholalamikia ni kwamba kati ya milango mitano, wahakiki wetu wamepanga foleni kwenye huo mmoja tu, ule usio na mtu. Nadhani Kiingereza kina mkono hapo. Mtu anawaza "interesting," anaandika "ya kuvutia," na sentensi inapita getini bila kuulizwa kitambulisho.

Ajabu ni kwamba mtaani hawafanyi hivi.

Msikilize kijana wa Nairobi. Atasema "hiyo movie ni boring," kisha aseme "mimi niko bored." Mwalimu wa Kiswahili atakunja uso mara mbili, kwanza kwa hicho Kiingereza, pili kwa hiyo "niko," ambayo kwa usanifu ni ya kuonyesha mahali. Lakini tazama alichofanya kijana. Vile vivumishi viwili amevigawia vishirikishi viwili vya kwetu. Kilicholeta hisia amekipa "ni," neno la kusema kitu ni cha aina gani. Aliyefikiwa na hisia amempa "niko," neno la kusema mtu yupo wapi kwa sasa. Niko Kisumu. Niko kazini. Niko bored. Kesho nitakuwa pengine. Mtu anaweza kulaumu msamiati wake, lakini hawezi kusema kijana huyu hajui tofauti kati ya tabia ya kitu na hali ya mtu.

Wengine wamekwenda mbali zaidi, wakaviacha hivyo vivumishi huko huko vilikotoka na kubeba kitenzi peke yake. "Inaboa." "Umeniboa." "Nimeboeka." Neno limeingia bila -ing na bila -ed, likapewa minyambuliko ya nyumbani, likatulia kama lililozaliwa Pumwani. "Ilinishock" ni ilinishtua. "Nilishock" ni nilishtuka, na Mwingereza akiisikia hiyo ya pili atadhani ni wewe uliyemshtua mtu. "Usinistress" haina hata haja ya maelezo. Kuna pia ngoma ambayo "inabamba," na wewe uliyeisikia "umebambika," neno ambalo kamusini lina maana ya kukamata. Kila mara, mtu yupo: yuko ndani ya kitenzi, au ndiye mwenye kitenzi. Huyu msemaji wa Sheng ambaye tunaambiwa hana sarufi ana uangalifu wa sarufi kuliko majalada mengi ya nyuma.

Basi mtu alipotelea wapi, kati ya mtaa na uhakiki? Nashuku sehemu mbili.

Ya kwanza ni darasa la fasihi. Katika maandalizi ya karatasi ya fasihi ya KCSE, taharuki huhesabiwa miongoni mwa mbinu za mwandishi, jirani na sadfa, kinaya na mbinu rejeshi. Mwanafunzi anafundishwa kuitafuta kama anayetafuta kokwa kwenye embe. Anaandika: "Kuna taharuki katika sura ya tatu, kwani hatujui kama mhusika atarudi." Anapata alama yake, anaendelea na kinaya. Lakini kutaharuki ni kitenzi, na anayetaharuki ni mtu. Kitabu hakitaharuki. Kama mwanafunzi mwenyewe alisoma hiyo sura ya tatu akipiga miayo, basi taharuki aliyoitia kwenye jibu ni ya nani? Hakuna anayemuuliza. Miaka minne ya kujibu hivyo inatosha kumfundisha mtu kwamba hisia ni mali ya kitabu, iko pale hata kama hakuna aliyeihisi, na kazi ya msomaji ni kuiorodhesha.

Sehemu ya pili ni hotuba. Kiongozi anafika mahali palipotokea maafa, kamera zinawashwa, naye anasema: "Hili ni tukio la kusikitisha." Angeweza kusema "nimesikitika," na hapo angekuwa amejitia ndani ya sentensi. Angeweza kusema "nimesikitishwa," na hapo ingebidi aendelee, kwa sababu neno hilo huacha mlango wazi kwa "na": umesikitishwa na nini, umesikitishwa na nani? Na uzembe wa idara ipi? Tukio la kusikitisha halimdai yeyote chochote. Linasikitisha lenyewe kwa lenyewe. Tumeisikia sentensi hiyo kwenye taarifa za habari za saa moja mpaka imekuwa ndiyo sauti ya mtu mwenye heshima anapozungumzia hisia, na mhakiki naye ni mtu anayependa kuonekana ana heshima.

Najua kuna atakayesema, wacha kelele, hayo ni maneno tu. Ndiyo maana nataka tuangalie kitabu kimoja ambacho jambo hili linaamua kama utakisoma au utakiacha rafuni.

Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka wa 1974. Msimulizi wake, Kazimoto, ni msomi wa chuo kikuu ambaye haoni maana ya kuishi, na mwishoni anajiua. Kauli iliyozoeleka kuhusu Kezilahabi wa miaka hiyo ni kwamba riwaya zake ni za kukatisha tamaa. Utaisikia kwa walimu, utaisikia kwa wasomaji, wengine hawajakigusa kitabu. Mwanafunzi akishaambiwa hivyo, anakiendea kama anayeenda kumwona mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza.

Hebu tuivunjevunje hiyo kauli. Kukata tamaa ni msemo wa ajabu: tamaa ni ya mtu, na anayeikata ni yeye mwenyewe, kisu kiko mkononi mwake. Kazimoto amekata tamaa. Hilo halina ubishi. Je, amekatishwa tamaa? Hilo ni swali jingine, kwa kuwa sasa tunamtafuta mwingine aliyeshika kisu: ni elimu iliyomtenga na watu wake? Ni watu wenyewe? Ni mwendo wake mwenyewe, ambao hataki kuutazama? Riwaya nzima inaweza kusomwa kama kesi ya kumtafuta huyo mwenye kisu, na sioni kama kesi hiyo imefungwa hadi leo. Halafu kuna swali la tatu, lisilo na uhusiano wa lazima na hayo mawili: je, riwaya inamkatisha tamaa msomaji?

Kusema "riwaya ya kukatisha tamaa" ni kuyameza maswali yote matatu kwa mpigo. Hali ya mhusika inahamishiwa kwenye kitabu, na ya kitabu inahamishiwa kwa msomaji ambaye hata hajafungua ukurasa. Mimi nilipoisoma Kichwamaji sikukata tamaa hata kidogo. Kwanza nilishikwa na udadisi, kisha nikaanza kumkasirikia Kazimoto, hasa kwa anavyowatazama wanawake, na nikasoma haraka haraka ili nione kama kuna mtu atamjibu. Mtu aliyekasirika hivyo bado ana matumaini, bado anadai kitu. Msomaji mwingine atakuwa na yake. Lakini lazima awe na yake.

Na tukiwa hapo hapo kwa Kazimoto, tujaribu kumtafutia lile neno tulioanza nalo. Yeye ni "bored"? Kamusi nyingi zitakupa kuchoka au kuchoshwa, na hakuna linalomtosha. Aliyechoka akilala huamka mzima. Aliyechoshwa, mwondolee kinachomchosha, atapona. Neno linalomkaribia Kazimoto ni kukinai. Kukinai ni kushiba kupita kiasi, mpaka kile kile ulichokuwa ukikitamani sasa kinakuchefua. Kazimoto ana elimu, ana akili, ana maneno mengi, na vyote vimemkinaisha. Mhakiki anayelijua neno hilo ameshaanza kukieleza kitabu. Mhakiki anayesema "riwaya hii inahusu maisha ya kuchosha" hajakigusa.

Nisionekane kana kwamba namlazimisha kila mtu aseme mimi, mimi, mimi. Kuna nyakati ambapo kumwondoa mtu kwenye sentensi ni sanaa kubwa. Mwaka wa 1960 Chinua Achebe alichapisha No Longer at Ease, riwaya ya kijana aliyerudi Nigeria kutoka masomoni Uingereza na kushindwa kusimama wima katikati ya mahitaji ya watu. Jina hilo la Kiingereza linaeleza mtu au watu waliopoteza raha ndani yao. Toleo la Kiswahili linaitwa Hamkani si Shwari Tena. Watu wote wameondolewa, ikabaki bahari. Shwari ni ule utulivu wa maji yasiyo na upepo, na sisi husema hamkani si shwari mambo yanapochafuka. Hakuna aliyetajwa kuwa na wasiwasi, lakini yeyote aliyewahi kupanda chombo siku ya mawimbi anajua tumbo lake lingekuwa wapi. Mtafsiri alimtoa mtu, akaweka kitu kinachoweza kumtikisa kila atakayepanda.

Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza. Ukimwondoa mtu, umeweka nini mahali pake? Kwenye Hamkani si Shwari Tena imewekwa bahari. Kwenye "riwaya ya kusisimua" hakuna kilichowekwa.

Pingamizi kubwa nalijua: mhakiki akiandika "ilinisisimua," si atakuwa ameacha uhakiki na kuingia kwenye porojo za mapenzi yake? Sioni hivyo. "Ya kusisimua" pia ni maoni ya mtu mmoja, tofauti ni kwamba hajatia sahihi. Tena hiyo -ni- ina gharama, na gharama hiyo ndiyo faida yake. Ukiandika "ilinisisimua," msomaji wako ana haki ya kuuliza wapi, na kwa nini. Inabidi urudi kwenye ukurasa umtafutie. Ukirudi ukakosa, basi labda hukusisimka, na ni vizuri ulijue hilo kabla ya kuchapisha.

Wala -ni- haiko peke yake. Kiswahili kimetupa -m-, -wa- na -tu-, na kila moja ni njia ya kusema ni msomaji gani unayemzungumzia. "Itawachosha waliozoea visa vya kukimbizana." "Itamgusa aliyelelewa na nyanya yake." "Ilitukera sisi tuliosoma shule za bweni, maana mwandishi hajui ratiba ya huko." Sentensi za namna hiyo zinamsaidia mtu mwenye mia saba mfukoni kuamua kama atanunua kitabu au atasubiri mwisho wa mwezi. Zinamruhusu pia kukupinga. Huwezi kubishana na "ya kuvutia," kama vile huwezi kubishana na ukuta. Lakini mtu akisema kitabu kimemkera, nami kimenifurahisha, hapo kikao kimeanza.

Tena kuna wa kumfikiria, naye ni mwandishi mwenyewe. Hapa kwetu, riwaya ya Kiswahili isipoteuliwa kwa shule, aliyeiandika anaweza kukaa miaka bila kusikia neno kutoka kwa mtu asiye ndugu yake. Siku uhakiki mmoja unapotoka, anausoma mara nne. Anaambiwa kwamba kazi yake ni ya kusisimua na yenye kuvutia, maneno yale yale waliyopewa watu kumi waliomtangulia, na anabaki hajui kama kuna aliyeisoma hadi mwisho. Alichotaka kujua ni kidogo: kama yupo mtu, mahali fulani, aliyeshindwa kuzima taa usiku kwa sababu yake, na ni sura gani iliyomzuia.